Gitaa la kwanza kwa mkono wako, hapa Lamu

Lamu haina uhaba wa mafundi. Matondoni majahazi yangali yanaundwa kwa tezo na keekee, na mjini milango ya nakshi inachongwa hadi leo. Kijana aliyekulia karibu na karakana hizi anajua kunoa patasi, anajua kuitazama mbao kabla ya kuikata, na mkono wake umeshaizoea randa. Hiyo ni nusu ya kazi ya gitaa. Nusu iliyobaki ni jambo ambalo ufundi wetu haujawahi kulidai sana: wembamba. Mlango wa mbambakofi husifiwa kwa unene, na ubao mwembamba wa jahazi ni hatari kwa roho za watu. Gitaa linataka kinyume chake. Uso wake, yaani ubao wa mbele, hauzidi milimita mbili na nusu, na uso huohuo unavutwa na nyuzi kwa nguvu ya takriban kilo 40, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Ukiunenepesha kwa kuogopa, utapata sanduku zuri lisilo na sauti.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuunda gitaa moja nyumbani kwa zana za mkono. Usome wote kwanza, kisha ndipo ushike msumeno.

Gitaa la namna gani

Anza na gitaa la nyuzi za nailoni. Nyuzi za chuma huvuta kwa kilo 70 na zaidi, shingo yake hutiwa nondo ya chuma ndani, na kosa dogo la gundi hung'oa daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso. Tena kuna hewa yetu ya chumvi: uzi wa chuma uliofungwa leo, baada ya wiki chache unashika kutu na kukwaruza vidole. Nailoni haina habari na kutu. Zile tatu nene huzungushiwa waya, na waya ule hufifia, lakini moyo wa uzi hauliwi.

Umbo tunalolijua leo lilitulizwa na Antonio de Torres, fundi wa Hispania aliyeishi kati ya 1817 na 1892. Urefu wa uzi, kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa darajani (vipande viwili vidogo vinavyobeba nyuzi), ni milimita 650. Sanduku lina urefu wa milimita 485 hivi. Upana wa chini 365, kiunoni 235, juu 280. Kina chake ni 95 upande wa chini na 90 linapokutana na shingo. Chora nusu ya umbo kwenye karatasi ya manila, ikunje katikati, ukate pande zote mbili kwa pamoja ili zilingane. Chora tena kwenye plaiwudi nyembamba na uiweke hiyo ndiyo kiolezo chako.

Kabla hujaenda mbali, fahamu sauti inatoka wapi. Uzi peke yake hausikiki hata chumba cha pili. Uzi unalitikisa daraja, daraja linautikisa uso, uso unasukuma hewa ya ndani na ya nje. Nguvu ya uzi ni kidogo sana, hivyo kila gramu isiyo na kazi juu ya uso ni sauti iliyopotea. Maamuzi karibu yote hapo chini yametoka kwenye jambo hili.

Mbao

Mwaka 1862 Torres aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake (yaani pande za sanduku) ni karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Uso tu ndio uliokuwa wa mbao. Lipo mpaka leo katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Alitaka kuonyesha kwamba sauti ni ya uso, na alifaulu. Kwa hiyo usijiumize kutafuta mti wa fahari wa mgongo. Pesa na subira vyote viweke kwenye uso.

Mafundi wa Ulaya hutumia misonobari ya nchi za baridi. Hapa kwetu mti wa karibu ni saiprasi, ile inayopandwa bara na kuletwa Mokowe kwa malori, kisha huvushwa kwa mashua. Ni nyepesi, ina harufu nzuri, na gitaa za flamenko, muziki wa Hispania, zina mgongo na mbavu za saiprasi tangu zamani. Lakini usichukue ubao wowote. Pindua lundo, tazama vichwa vya mbao: unatafuta ule ambao pete za ukuaji zimesimama wima kutoka uso hadi uso, bila kulala. Mistari iwe imekaribiana, inyooke kutoka mwisho hadi mwisho, na pasiwe na jicho hata dogo katika urefu wa milimita 550. Ubao wenye upana wa milimita 190 unatosha, kwa sababu utaupasua vipande viwili. Huenda ukapindua mbao nyingi kabla hujaupata mmoja. Mwombe mwenye duka kwa adabu, mweleze unachotafuta, na urudishe lundo kama ulivyolikuta. Safari ya pili atakuchagulia mwenyewe.

Mgongo na mbavu: mwembe unafaa sana, nao unapatikana kwetu. Mvule nao ni mzuri, ila una vijiwe vya chokaa ndani vinavyong'oa makali ya randa, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa. Shingo itake mti mwepesi ulionyooka: mkangazi ukiupata, la sivyo mvule mwepesi. Ubao wa vidole, unaogandishwa juu ya shingo, uwe mgumu: mpingo, au mbambakofi. Mpingo umo tangu 2017 kwenye orodha ya miti inayodhibitiwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, basi nunua kipande chenye asili inayojulikana. Kipande kimoja kidogo kinatosha gitaa zima.

Mambo mawili ya kukataa. Usitumie mbao zilizotoka kwenye chombo cha baharini, hata zikiwa kavu na nzuri kiasi gani. Zimekunywa chumvi, na chumvi huvuta maji hewani. Gundi haitashika na uso hautatulia. Na usivunje mlango wala samani ya kale kwa ajili ya mbao. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na nakshi iliyopasuliwa hairudi. Kitanda kilichokwisha kuoza miguu au rafu ya duka lililovunjwa ni halali yako.

Ukavu, jambo lisilosamehe

Hapa ndipo gitaa nyingi za pwani zinapofia, kabla hata hazijapigwa. Mbao hunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa. Katika hewa yetu, unyevunyevu ukiwa asilimia 75, mbao hubeba maji kama asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Ukiipeleka penye hewa ya asilimia 45, uso wenye upana wa milimita 365 unaweza kusinyaa milimita 2 hadi 3. Ukishaugandisha kwenye mataruma, vijiti vinavyoushikilia kwa ndani, hauna pa kusinyalia. Unapasuka.

Dawa ni kuunda katika hali ya ukavu zaidi kuliko ile gitaa litakayoishi. Mbao iliyogandishwa ikiwa kavu, ikivimba baadaye itainuka kidogo tu na kutulia. Iliyogandishwa ikiwa mbichi haina njia ila ufa.

Panga kazi yako na pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na Januari na Februari mvua karibu hakuna. Weka kazi za gundi na za kupaka ndani ya miezi hiyo. Kusi na masika yake kiwe kipindi cha kukata, kuchonga shingo na kunoa zana.

Kaskazi peke yake haitoshi, kwa sababu hata wakati huo bahari iko palepale. Tengeneza kasha la plaiwudi linaloweza kuingiza uso na mgongo, litoboe matundu juu na chini, tia ndani balbu ya zamani ya wati 40, ile yenye waya unaopata moto. Za LED hazina joto. Balbu ikae mbali na mbao na isiwashwe nyumbani pasipo mtu. Nunua kipima unyevu kidogo ukiweke humo. Kikionyesha kati ya 45 na 50, ndiyo hali ya kugandisha. Ukikosa kipimo, tumia mizani ya dukani: pima ubao kila siku saa ileile, uandike kwa penseli juu yake. Uzito ukiacha kushuka, umefika.

Usianike mbao nyembamba juani darini. Upande mmoja utakauka mbele ya mwingine na ubao utajikunja.

Zana, na ubao wa kujengea

Randa moja fupi iliyonolewa vizuri, patasi ya milimita 6 na ya 20, msumeno wa meno madogo, keekee au drili, tupa, rula ya chuma, kalipa ya kupimia unene, msasa, na klampu kadhaa. Penye upungufu wa klampu, kata tyubu ya pikipiki iwe mikanda mirefu ya upana wa vidole viwili. Hakuna kifungio kinachokaza kwa usawa kama hicho. Kila jioni futa vyuma kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, maana kutu haingoji.

Gundi: nyeupe ya mbao inatosha, ile inayokauka ikawa ngumu. Iliyobaki laini kama mpira itateleza chini ya mvuto wa nyuzi. Usitumie ile ya kuchanganya kopo mbili, kwa kuwa gitaa litakuja kufunguliwa siku moja na fundi mwingine, naye hataweza.

Tutaunda kwa njia ya Kihispania, uso ukitazama chini. Chukua plaiwudi ya milimita 18, uchore juu yake umbo la sanduku na mstari wa katikati, na uache ulimi mrefu wa kuilaza shingo. Ulimi huo uurande taratibu ili upande wa kichwa ushuke milimita 2 chini ya usawa wa sanduku. Hizo milimita 2 zitaifanya shingo iiname mbele kidogo, na ndizo zitakazoziweka nyuzi chini ya vidole bila daraja kuwa refu mno. Watu wengi huliruka jambo hili, kisha wanashangaa gitaa lao linaumiza mkono.

Uso na mataruma

Mwambie fundi wa mashine ya kupasulia akupe vipande vya milimita 4, kimoja kando ya kingine kutoka ubao uleule. Vifunue mfano wa kurasa mbili zinazotazamana ili mistari ifanane kushoto na kulia. Randa kingo zinazokutana mpaka ukiziinua kwenye mwanga wa dirisha usione hata uzi wa nuru. Paka gundi, vikutanishe juu ya karatasi ya nailoni, vibane kwa misumari na kabari, uviache usiku kucha.

Sasa randa. Ondoa kidogokidogo, ukigeuza ubao pale mistari inapoanza kung'oka. Ukifika milimita 3, weka randa kando uwe unaendelea kwa msasa uliofungwa kwenye kibao. Kuanzia hapo usitegemee kalipa peke yake. Shika uso kwa vidole viwili kwenye ukingo wa juu, uache uning'inie, uugonge kwa kifundo cha kidole katikati ya sehemu pana. Mwanzoni unasikia mlio mfupi, mkavu, wa mbao. Unavyozidi kuwa mwembamba mlio unashuka, unarefuka, mpaka unafika mahali ubao unaendelea kuvuma baada ya kidole kuondoka. Uukunje kwa vidole gumba kukata mistari: uwe unakubali bila kulegea. Saiprasi ni laini kuliko misonobari ya Ulaya, kwa hiyo mimi hupendelea kusimama kwenye 2.5 na si chini yake.

Tundu la sauti lina kipenyo cha milimita 85, na kitovu chake ni kwenye mstari wa katikati, milimita 145 hivi kutoka ukingo wa juu wa sanduku. Ukitaka nakshi kulizunguka, ichimbie kina cha milimita 1.5 na uijaze kwa vipande vya mbao za rangi kabla ya kukata tundu. Mwenye mkono wa nakshi za milango hapa ataona raha, ila azuie hamu ya kuchonga uso wenyewe.

Jahazi bila mataruma halishiki umbo, na uso wa gitaa ni hivyohivyo. Kata vijiti saba kutoka saiprasi ileile, pete zake zikiwa zimesimama wima, kila kimoja upana milimita 5 na kimo 6. Vipange kama kipepeo cha kujipepea chini ya tundu, cha kati juu ya mstari wa katikati na vingine vikifunguka kuelekea chini. Juu na chini ya tundu weka nguzo mbili za kukingama, upana 6 na kimo 15. Toa uso kwenye kasha, gandisha siku hiyohiyo, urudishe kashani mpaka gundi ikauke.

Baada ya hapo chonga mataruma kwa patasi. Mgongo wake uwe wa duara, ncha zipungue mpaka milimita 2 au pungufu zinapofikia ukingo. Kila ukipunguza, gonga tena usikilize. Kazi hii ifanye asubuhi mji ukiwa kimya.

Mbavu

Vipande viwili, urefu milimita 800, upana 100, unene 2. Mistari inyooke, ikikimbilia pembeni, ubavu utavunjika kwenye kona hata uwe hodari vipi.

Tafuta bomba la chuma la kipenyo cha milimita 60 hadi 70, ulibane mlalo kwenye jiriwa au kwenye meza nzito, ulijaze makaa yaliyokolea. Loweka mbavu maji ya kawaida kwa robo saa. Nyunyiza tone la maji juu ya bomba: likitulia na kuchemka, bado, likirukaruka na kupotea, liko tayari. Weka alama ya penseli mahali pa kiuno, uanzie hapo.

Laza ubavu juu ya bomba na kipande cha bati jembamba upande wa nje, ushike ncha zote mbili, uwe unausogeza mbele na nyuma bila kuugandamiza. Mvuke unatoka, harufu ya mti inapanda. Kwa muda ubao unakataa. Kisha, ghafla, unausikia mkononi umelegea, unakwenda wenyewe unakoupeleka. Huo ndio wakati wa kukunja, na hudumu sekunde chache tu. Ukikunja kabla yake unavunja. Ukikawia mbao inakauka na kuungua. Linganisha na kiolezo, lowesha tena, rudia sehemu ndogo inayofuata. Ukimaliza, ufunge ubavu kwa tyubu kwenye kiolezo cha plaiwudi nene mpaka kesho yake. Andaa ubavu mmoja wa ziada. Kuvunjika kwa mmoja ni jambo la kawaida, na hutaki kusimamisha kazi nzima kwa ajili yake.

Shingo na kufunga sanduku

Kipande cha shingo kiwe na urefu wa milimita 650 hivi, upana 70, unene 22. Kichwa hukatwa kwa mshazari na kugandishwa tena kikiwa kimeinama nyuma digrii 15; kiungo hicho kina nguvu kuliko kuchonga kichwa kutoka kipande kimoja, kwa sababu mistari ya mbao haikatiki. Kisigino jengea kwa vipande vya mti uleule vilivyogandishwa kimoja juu ya kingine mpaka kimo cha milimita 95. Kwenye mstari wa freti ya 12 (freti ni vyuma vyembamba vinavyokingama juu ya ubao wa vidole), mahali sanduku linapoanzia, kata mifereji miwili ya msumeno kwenye pande za kisigino. Humo ndimo mbavu zitakamoingia.

Laza uso juu ya ubao wa kujengea, mataruma juu. Gandisha shingo kwenye uso, ukihakikisha kwa uzi uliovutwa kuwa mstari wa katikati wa shingo na wa sanduku ni mmoja. Kama kuna mahali pa kupima mara tatu, ni hapa. Ingiza mbavu kwenye mifereji, zikutane nyuma kwenye kigogo kidogo, uzikaze. Sasa andaa vipande vidogo vya pembetatu, saizi ya ncha ya kidole, uvigandishe kimoja kimoja kwenye kona ya uso na ubavu ukivishika kwa kidole kwa dakika moja. Ni kazi ya subira na haihitaji klampu hata moja.

Mgongo una unene wa milimita 2.5 na nguzo tatu za kukingama, zilizochongwa ziwe na mbinuko wa milimita 3 katikati. Nao ukae kashani kwanza. Kwenye kingo za juu za mbavu gandisha ufito uliokatwakatwa nusu kwa msumeno ili ukubali kupinda. Kabla ya kufunga, futa vumbi lote la ndani na uandike jina lako na mwaka kwa penseli. Paka gundi, weka mgongo, uzungushe mikanda ya tyubu kuanzia kiunoni mpaka pande zote zikaze.

Ubao wa vidole na freti

Unene milimita 6, upana 52 kwenye mfupa wa kichwani na 62 kwenye freti ya 12. Freti, mashine za kukazia na nyuzi ndivyo vitu vitakavyokubidi kuagiza Mombasa au Nairobi, viagize mapema.

Mahali pa kila freti hupatikana kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817. Kwa 650, freti ya kwanza iko milimita 36.5 kutoka mfupa wa kichwani. Zinazofuata: 70.9, 103.4, 134.1, 163.1, 190.4, 216.2, 240.5, 263.5, 285.2, 305.7, na ya 12 nusu kamili, 325. Kisha 343.2, 360.5, 376.7, 392.0, 406.5, 420.2 na ya 19 ni 433.1. Zote pima kutoka mwanzo, rula ikiwa imetulia palepale. Ukipima freti kutoka kwa mwenzake, makosa madogo yanajumlishana, na gitaa halitaimba sawa kamwe.

Chora kwa kisu na si kwa penseli, kata kwa msumeno ambao mkato wake ni mwembamba kidogo kuliko ulimi wa freti, ugandishe ubao kwenye shingo, kisha gonga freti kwa nyundo ya mbao kuanzia pembeni kwenda kati. Pitisha rula juu yake. Inayojitokeza ipunguze kwa tupa.

Shingo yenyewe ichonge mwisho, iwe milimita 22 kwenye freti ya kwanza na 24 kwenye ya tisa, ubao wa vidole ukihesabiwa ndani yake. Mpe mpigaji aishike kabla hujamaliza.

Kupaka

Shelaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, ipakwe kwa kitambaa cha pamba kilichofumbatwa, tabaka nyingi nyembamba. Ipake saa za adhuhuri siku kavu. Ukipaka hewa ikiwa nzito hugeuka nyeupe kama ukungu. Acha mahali pa daraja bila kupaka. Vanishi ya boti ni nene na laini, itaufunga uso usitikisike. Na sifa, yale mafuta ya papa, ni ya jahazi tu.

Daraja, mifupa na nyuzi

Daraja lina urefu wa milimita 190 na upana 28. Lichonge kwa mninga: halifiki gramu 20. La mpingo linaweza kuzidi 30, na umeshajua kila gramu inakula nini. Mfupa wa darajani ukae milimita 652 kutoka mfupa wa kichwani, kwa sababu kidole kinapoukandamiza uzi kinaukaza kidogo na sauti hupanda; hizo mbili za ziada ndizo zinazoirudisha. Chini ya daraja pakwaruzwe pawe mbao tupu, gandisha, ubane kwa klampu ndefu kupitia tundu la sauti. Subiri siku mbili nzima.

Mifupa miwili mwombe mwuza nyama akukatie kwenye paja la ng'ombe. Ichemshe, itoe uboho, iloweke maji ya sabuni mpaka mafuta yaishe, ikauke kivulini. Kwenye kichwa, umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita ni milimita 43. Kwenye daraja ni 58.

Funga nyuzi bila kuzikaza. Zipandishe kidogo jioni ya kwanza, na zifikishe kwenye sauti yake kesho yake. Nailoni mpya hulegea kwa siku kadhaa, hilo lisikutie wasiwasi. Pima kimo cha uzi juu ya freti ya 12: milimita 3 kwa uzi mwembamba, 4 kwa ule mnene. Uso ukiinuka kidogo nyuma ya daraja ni sawa; ukizama mbele yake sana, legeza nyuzi na uangalie gundi ya mataruma kwa kioo kidogo kupitia tundu.

Usilitundike gitaa kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe wala kulilaza kwenye zidaka, maana kuta zetu hushika unyevu mwaka mzima. Likae ndani ya sanduku lake la kubebea, mbali na dirisha la baharini na mbali na jua. Likisafiri kwenda Nairobi, ambako hewa ni kavu kuliko hapa, legeza nyuzi na utie ndani ya sanduku hilo la kubebea sponji mbichi katika kisahani cha sabuni chenye matundu. Baada ya mwezi pima tena kimo cha nyuzi. Zikiwa juu, utoe mfupa wa darajani na usugue chini yake kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, nusu milimita kwa mara moja, ukirudisha na kupima kila safari.